Uzi: Kwanini kampuni moja inatoboa na nyingine ya sekta ileile inakwama? Tuone watafiti wanasemaje, motisha tuiweke pembeni

KalamuNyekundu (mtoa mada)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu hakuna ugomvi.

Kila baada ya siku chache humu anatokea mtu na "siri saba za makampuni makubwa duniani", watu wanashangilia, wanahifadhi, kesho yake wanasahau. Siwacheki maana na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilipokuwa naandika tesisi ya masta mada yangu ilikuwa ushindani wa makampuni, nikachagua kampuni kumi na mbili zinazofanya vizuri, nikabeba dodoso na rekoda nikaenda kuhoji mameneja, na wote utadhani wamekaririshwa na mwalimu mmoja wakaniambia tunamsikiliza mteja, tuna maono, tuna timu inayojituma, hatuogopi kuthubutu. Chapta ya nne ikajaa, nikajiona profesa. Msimamizi alinirudishia baada ya siku mbili, hajasahihisha hata nukta, ameandika tu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na waliokufa walisemaje?"

Nilinuna wiki nzima. Maana jibu nilikuwa nalijua, waliokufa nao walimsikiliza mteja, nao walikuwa na maono, na hasa hasa wao ndo walithubutu kuliko wote. Ila huwezi kuwahoji kwa sababu ofisi imefungwa na bango limeshushwa.

Kuna mtafiti anaitwa Jerker Denrell aliliandika hili vizuri mwaka 2003. Chukulia kampuni mia zinacheza pata potea, zinaweka kila kitu kwenye mradi mmoja. Chache zinapata faida ya kutisha, nyingi zinakufa. Baada ya miaka kumi unaingia mtaani na dodoso lako, waliobaki kwenye kundi lile ni wale wa faida ya kutisha tu, unawalinganisha na wale waliocheza kwa uangalifu ambao faida yao ni ya kawaida, unaandika "uthubutu huongeza faida". Hujadanganya, kila namba uliyoandika ni ya kweli, ila umehesabu waliotoka vitani wakiwa hai ukasema vita haiui.

Na vitabu vinavyouzwa sana vimejengwa hivyohivyo. Peters na Waterman 1982 walichagua kampuni bora 43 za Marekani, ilipofika 1984 jarida la Business Week likatoa habari nzima kuonyesha kadhaa kati ya hizo zimeshaanza kuyumba. Jim Collins 2001 alianza na kampuni 1,435 akachuja akabaki na 11 zilizotoka kuwa nzuri tu hadi kuwa bora kabisa, humo mlikuwa na Circuit City, maduka ya vifaa vya elektroniki, iliyofilisika 2008, na Fannie Mae ya mikopo ya nyumba ambayo mwaka huohuo serikali ya Marekani ilibidi iichukue chini ya uangalizi wake. Mwaka 2007 Phil Rosenzweig alikuwa ameshawachambua watu wa aina hii: faida ikiwa juu bosi anaitwa jasiri, ikishuka bosi yuleyule na tabia ileile anaitwa mwenye kiburi, halafu mtafiti anakuja kukusanya maoni hayo na kuyaita data.

Naendelea chini, ngoja nipumzishe vidole.

Mzee_wa_Slaidi

Mkuu heshima kwako ila mbona unazunguka, hii kitu si Michael Porter, yule profesa wa Harvard, alishaimaliza? Nguvu tano. Angalia washindani waliopo, wanaotaka kuingia, bidhaa mbadala, sauti ya mteja, sauti ya anayekuuzia malighafi, mchezo umeisha. Mimi hiyo slaidi nimeifundisha mpaka naiota.

Uso_wa_Mbuzi

Nipo hapa siti ya mbele 😂

KalamuNyekundu

Mzee wangu shikamoo, na asante maana hapo ndo nilikuwa naelekea.

Kwanza wengi hawajui ile kitu ilitoka wapi. Kabla ya Porter kulikuwa na wachumi, Edward Mason wa Harvard na mwanafunzi wake Joe Bain. Bain mwaka 1951 alichukua sekta 42 za viwanda vya Marekani akaona zile ambazo kampuni chache zimeshika soko faida yake iko juu, na 1956 akaandika kitabu kizima kuhusu vizuizi vya kuingia sokoni. Sasa angalia nia yao, hawa watu kazi yao ilikuwa kuisaidia serikali ijue wapi wananchi wanakamuliwa ili ikavunje ukiritimba. Porter, ambaye udaktari wake ni wa uchumi wa biashara palepale Harvard, akaichukua ramani ileile akaigeuza kichwa chini miguu juu: kama vizuizi vinaleta faida, basi wewe mfanyabiashara nenda kakae nyuma ya kizuizi, ukikosa jenga chako. Makala yake ikatoka 1979, kitabu 1980. Yaani ramani ya polisi ya kukamata wezi ikawa mwongozo wa wapi pa kukaa. Sisemi ni vibaya, nasema tu wanafunzi wanaichora ile michoro bila kujua ilikotoka.

Haya, wazo likikaa hivyo linapimika. Kama sekta ndo inaamua, basi ukichukua maelfu ya biashara ukaangalia kwanini faida zao zinatofautiana, sehemu kubwa ya tofauti ielezwe na sekta walizomo. Richard Schmalensee alilipima 1985. Serikali ya Marekani kupitia tume yake ya biashara iliwahi kuyalazimisha makampuni makubwa yatoe hesabu za kila mstari wa biashara peke yake, hazina ambayo watafiti hawakuwahi kuwa nayo. Akatumia mwaka mmoja tu, 1975. Akakuta sekta inaeleza kama asilimia 20 ya tofauti, kampuni mama haielezi kitu, ukubwa wa sehemu ya soko kidogo sana, na asilimia 80 haijulikani inatoka wapi. Wenye kuamini sekta wakashangilia, lakini mwaka mmoja haukuambii kama biashara fulani ilipata bahati ya mwaka ule au huwa iko vile siku zote, ni kama kumpima mtu homa mara moja ukasema mwili wake ndo ulivyo.

Richard Rumelt akachukua hazina ileile ila kwa miaka minne, 1974 mpaka 1977, akatoa majibu 1991. Chukua tofauti zote za faida ziite mia. Nane zilitokana na sekta kwa namna ya kudumu. Nane nyingine ni sekta kupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Kampuni mama haikufika hata moja. Arobaini na sita zikawa kwenye biashara yenyewe, yaani unakuta wawili wako sekta moja, nguvu tano zilezile zinawapiga, na bado mmoja kila mwaka yuko juu na mwenzake kila mwaka yuko chini. Zilizobaki thelathini na saba ni zile ambazo hesabu haikuweza kuzipa mwenyewe.

Porter hakukaa kimya. Yeye na Anita McGahan mwaka 1997 walirudi na data ya 1981 hadi 1994, pana zaidi, huduma na biashara ya rejareja zikiwemo, wakapata sekta asilimia 19, kampuni mama 4, biashara yenyewe 32. Na wakaonyesha kwenye viwanda uzito wa sekta ni mdogo ila ukitoka nje ya viwanda unapanda sana, na data ya Schmalensee na Rumelt ilikuwa ya viwanda tu. Hoja nzuri kabisa. Ila hata kwa hesabu ya Porter mwenyewe mzee wangu, kilichomo ndani ya biashara ni kikubwa kuliko sekta. Slaidi yako usiifute, iongezee tu kwamba inaeleza kipande kidogo.

Mzee_wa_Slaidi

Marahaba kijana. Hiyo ya ramani ya polisi nimeipenda, naiba.

pasi_na_shaka

Sawa, kwahiyo 46 zipo ndani ya biashara. Ndani kuna nini sasa? Maana naona umetutoa kwenye chumba chenye taa ukatuingiza chenye giza.

KalamuNyekundu

Swali ndo hilo, na hapo wasomi wameshikana mashati miaka mingi.

Ile 46 ni jina la kapu, haisemi kilichomo. Kambi kubwa ikasema kilichomo ni rasilimali. Mizizi yake ni Edith Penrose 1959, halafu Birger Wernerfelt 1984 akaandika makala ambayo kwa miaka kadhaa hakuna aliyeijali, mpaka Jay Barney 1991 akaiweka kwenye vigezo vinne ambavyo kila mwenye MBA anavikariri: rasilimali iwe na thamani, iwe adimu, isiigike, isiwe na mbadala. Wanafunzi mnaipenda kwa sababu inajaza chapta ya pili haraka. Lakini 2001 Priem na Butler wakauliza kitu cha aibu: rasilimali yenye thamani ni ipi? Ni ile inayoleta faida. Na faida inaletwa na nini? Rasilimali yenye thamani. Hapo mmezunguka mti mkarudi mlipoanzia. Barney alijibu na mabishano yaliendelea, ila ukiandika tesisi ukasema "kampuni hii imeshinda kwa sababu ina rasilimali za thamani" ujue hujasema kitu, sawa na kusema fulani kashinda mbio kwa sababu ana mbio.

Barney ninayemkubali mimi ni wa 1986, makala ambayo watu wanairuka. Anasema hivi: tuseme umeona eneo zuri, fundi bingwa, hataza ya maana, ukitaka kuinunua. Kama na wenzako wanaona thamani yake, bei itapanda mpaka faida yote uliyoiota imeliwa na bei. Kwahiyo ili upate faida ya ziada kwa kununua kitu, ni lazima uwe umejua jambo ambalo wauzaji na wanunuzi wengine hawakujua, au uwe umebahatika. Dierickx na Cool 1989 wakaongezea kwamba vitu vyenye uzito zaidi sokoni havipo kabisa, jina zuri hununui, uaminifu wa wafanyakazi hununui, unaviotesha taratibu, na aliyeanza miaka ishirini iliyopita huwezi kumfikia kwa kumwaga hela mara mbili mwaka huu.

Halafu Lippman na Rumelt 1982, hawa ndo walinimaliza. Wanasema inawezekana hata mshindi mwenyewe hajui kwanini anashinda. Na hilo ndo linalomlinda! Angekuwa anajua vizuri angelisema, mameneja wake wangehamia kwa mshindani na siri kichwani, washauri wa biashara wangeiuza kwa kila mtu, na ndani ya miaka michache wote wangekuwa sawa. Sasa rudi kwa mameneja wangu kumi na wawili na rekoda yangu mezani. Nilichokuwa nakusanya ni yale yanayoweza kusemwa, na yanayoweza kusemwa kila mtu alikuwa ameshayasikia.

Uso_wa_Mbuzi

Kwahiyo anayeuza kitabu cha siri anauza kitu ambacho kimeshakwisha kuwa siri. Nimekosa usingizi tayari.

nahodha_mstaafu

Naweka mfano wa kuigana. Mashirika ya ndege. Southwest, shirika la nauli nafuu la Marekani, walikuwa na ndege za aina moja tu, Boeing 737, hakuna chakula, hakuna kiti cha kuchaguliwa, begi lako halihamishiwi shirika jingine, ndege ikitua inageuka getini dakika kama 15 inaruka tena. Continental, shirika kubwa la kawaida hukohuko, wakaona mbona rahisi, wakaanzisha Continental Lite. Wakaondoa chakula, wakaondoa daraja la kwanza, wakashusha nauli, wakaongeza safari. Ila safari zao nyingine waliziacha za kifahari kama zamani, kwahiyo mawakala wa tiketi bado walitaka kamisheni, abiria wa Lite bado wanataka pointi zao za zawadi, ndege za aina mchanganyiko, mabegi yanahamishwa, viti vina namba. Sasa ndege inasubiri begi la abiria kutoka ndege nyingine iliyochelewa, dakika 15 zitatoka wapi? Wakachelewa kila mahali, malalamiko yakajaa, 1995 habari ikaishia hapo.

KalamuNyekundu

Nahodha umenisaidia sana. Porter 1996 aliutumia mfano huohuo, na naona hapo alikuwa bora kuliko kwenye nguvu tano. Kitu kimoja kimoja cha Southwest mtoto anaweza kuiga, tatizo kila kimoja kinaegemea kingine. Jan Rivkin 2000 alilifanyia hesabu, vipande vikiwa vingi na vinategemeana, ukikosea vichache tu matokeo hayapungui kidogo, yanaporomoka.

pasi_na_shaka

Ila mkuu wengine wanapanga na wanashinda. Honda. Waliingia Marekani na pikipiki ndogo wakati wazungu wanauza makubwa, wakaanzia chini wakapanda. Huo siyo mkakati?

KalamuNyekundu

Hahaha nilikuwa naomba mtu ailete hii.

Serikali ya Uingereza iliona pikipiki za Waingereza zinakufa, soko lao Marekani limetoka asilimia 49 mwaka 1959 hadi 9 mwaka 1973, ikawalipa washauri wa biashara Boston Consulting Group (BCG) wachunguze. Ripoti ya 1975 ikasema kama ulivyosema: Honda walijenga uzalishaji mkubwa kwao Japani, gharama zikashuka, wakaingia kwa pikipiki ndogo kwa mpango. Ikafundishwa vyuoni kama Msahafu.

Mwaka 1982 Richard Pascale akapanda ndege mpaka Tokyo akakaa na wale mameneja sita wenyewe waliohusika na kuingia Marekani 1959. Wakamwambia kiukweli hatukuwa na mkakati wowote zaidi ya kujaribu kuona kama tunaweza kuuza kitu Marekani. Walibeba robo robo ya pikipiki za aina nne, na matumaini yao yalikuwa kwenye zile kubwa za cc 250 na 305, mwanzilishi Soichiro Honda mwenyewe alizipenda kwa sababu usukani wake ulikaa kama nyusi za Buddha. Walifika Los Angeles wakapanga chumba cha dola 80 kwa mwezi, wawili wakilala sakafuni, wanapanga makreti kwa mikono na kufagia ghala wenyewe. Ilipofika Aprili 1960 zile kubwa zikaanza kuvuja oili na kuua klachi, kwa sababu Wamarekani walikuwa wanaziendesha mbali na kasi kuliko Japani. Ndogo za cc 50 walikuwa wanazitumia wao kwenda kununua mahitaji, hawakutaka hata kuziuza, waliogopa soko la wanaume wa pikipiki kubwa litawadharau. Watu wakawa wanawasimamisha wakiuliza wamezipata wapi, mpaka mnunuzi wa Sears, maduka makubwa ya Marekani, akapiga simu. Kubwa zimekufa, hela imekwisha, wakaachia ndogo.

Makala ikatoka 1984. Msomi wa mikakati Henry Mintzberg akaikumbatia kwa sababu ilimpa alichokuwa anakipigania, kwamba mikakati mingi huibuka njiani, ikifika mwisho ndo inavikwa suti na kuitwa mpango. Kilichonifurahisha ni 1996, mjadala wake na Michael Goold ambaye alikuwa mmoja wa walioandika ripoti ya BCG. Goold alijitetea kwamba wao waliulizwa Uingereza ifanye nini sasa, hawakuulizwa Honda ilifikaje pale. Kwangu mimi Goold ana pointi, na Pascale naye ana pointi, ila kumbuka na wale mameneja sita wanakumbuka ya miaka 23 nyuma wakiwa washindi tayari. Kwahiyo hata hadithi ya "hatukuwa na mpango" ni hadithi ya aliyeshinda. Honda waliodondoka njiani hatuna.

Binti_Tesisi

Kaka nimesoma wote, sasa nimeogopa maana mwezi ujao nawasilisha andiko langu. Kama hadithi hazifai na namba zina giza, utafiti wa ushindani tufanyeje? Au niachane nayo nikafanye masoko?

KalamuNyekundu

Dada usiache. Uwanja umebadilika sana, na umebadilika kwa sababu watu walikubali kujichunguza. Goldfarb na King 2016 walipitia makala za majarida makubwa ya fani, wakakadiria kati ya asilimia 24 na 40 ya matokeo yaliyopewa nyota za uhakika (alama ya kwamba takwimu si za bahati tu) yangepotea kama kipimo kingerudiwa mara moja tu. Mwaka huohuo Strategic Management Journal, jarida kubwa kuliko yote kwenye fani hii, likasema sitaki tena makala zinazotegemea nyota na mipaka ya kukubali au kukataa, na likafungua mlango kwa tafiti za kurudia na za "hatukuona kitu".

Na sasa kuna majaribio kama ya dawa. Bloom na wenzake walikwenda kwenye viwanda vya nguo India, wakachagua kwa bahati nasibu nani apate ushauri kamili wa uendeshaji bure na nani aishie kufanyiwa uchunguzi tu. Matokeo yalitoka 2013, waliosaidiwa tija ilipanda asilimia 17 mwaka wa kwanza. Na mambo yenyewe ya kawaida mno, kuandika mashine ilivyoharibika, kupanga nyuzi stoo, kufagia sakafu. Hapo huulizi tena kama meneja mzuri ndo alileta faida au faida ndo ilimleta meneja mzuri, bahati nasibu imeshajibu. Camuffo na wenzake 2020 walifanya na wajasiriamali wapya 116 Italia, nusu wakafundishwa kuchukulia wazo lao kama nadharia ya kupimwa, na wale waliofundishwa wakafanya vizuri zaidi na wakawa wepesi kugeuza wazo, ila hawakukata tamaa mapema kuliko wenzao.

Kwenye andiko lako mimi ningefanya hivi tu, chagua sampuli kwa mwaka wa kuanza na siyo kwa hali ya leo. Chukua kampuni zote zilizosajiliwa mwaka fulani, zilizopo na zisizopo, uzifuate mbele. Ni kazi, utapoteza watu wengi njiani, msajili atakuzungusha. Usiulize mtu "kwanini mlifanikiwa", uliza "mwaka ule mliamua nini, lini, na karatasi iko wapi", karatasi haibadilishi kumbukumbu. Na ukikuta tofauti usikimbilie kuiita uwezo, angalia kwanza bahati ingeweza kuleta kiasi gani.

Binti_Tesisi

Asante sana kaka, nimenakili yote. Na wewe waliokufa ulikuja kuwapata?

KalamuNyekundu

Wanne. Ilinichukua miezi mitano. Watatu walinijibu kwa simu kwa shingo upande, wa nne alinikaribisha nyumbani kwake akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki, ndani mpango mkakati wa kampuni yao, kurasa 34, vumbi tupu, alikuwa ameutunza. Nikatoa nakala. Nikachukua na mpango wa mmoja wa wale washindi wangu kumi na wawili wa sekta ileile, nikafuta majina na nembo kwenye yote miwili, nikampelekea msimamizi nikamwambia mzee, mmoja wa hawa amekufa, niambie yupi.

Alisoma yote miwili mbele yangu, alitumia kama dakika arobaini, hata chai yake ikapoa. Akachagua. Akakosea. Akacheka mwenyewe, akaichukua ile kalamu nyekundu akanipa, akasema haya sasa kaandike upya chapta ya nne.

Naingia kazini wakuu, jioni nitarudi kwa waliouliza PM.